Anayekunywa Upepo

Gereji yetu iko kando ya Lunga Lunga, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
na wiki ile ililaza wageni wawili:
Mustang ya wakili Otiato, mwaka sitini na saba,
nyekundu ya kukera macho,
na Porsche ya daktari Mascarenhas, mng'oa meno wa Parklands,
ya kijivu, fupi, mgongo kama wa kobe aliyepigwa msasa.
Jumapili ni maonyesho ya magari ya zamani kule Ngong.
Wenyewe hawasemezani
tangu mmoja aliita gari la mwenzake pipa,
akajibiwa: heri pipa kuliko kijiko cha dawa.

Mimi sina upande. Mimi hulala chini yao.
Baba aliniachia seti mbili za spana,
moja ya inchi, moja ya milimita,
akasema: Kavindu, usizichanganye,
nati ikishalika kichwa haisamehi.

Mmarekani, ukifungua boneti, ni uwanja.
Silinda nane, na bado napata pa kusimama
mguu mmoja kando ya radieta, kama niko shambani.
Akikosa bomba lake hukubali la Bedford,
kipande cha waya, mkanda wa kinu cha posho,
anavaa, anaguruma.
Usukani wake uko kushoto,
kwa hiyo wakili akifika kwenye kizuizi cha maegesho
hushuka, huzunguka, huchukua tikiti, hurudi,
na walio nyuma wakipiga honi huwapungia mkono
kana kwamba wamekuja kumpokea.
Mafuta? Usiulize. Kabla ya Athi River
mshale umeshuka kama mtu aliyeitwa nyumbani.

Mjerumani injini kaificha nyuma,
pale wengine wanapopakia mikungu ya ndizi.
Silinda tatu huku, tatu kule, zote zimelala.
Hataki cha kuazima.
Boliti yake moja niliingoja miezi miwili,
ikaja imeviringwa karatasi kama pete ya uchumba.
Lakini ukimpimia vali kwa unene wa unywele
huenda kama cherehani:
mshono, mshono, mshono, wala uzi haubaki ukining'inia.

Penye kona Mmarekani huomba dua.
Mjerumani huingia kichwa kikiwa baridi,
ila ukiogopa katikati, ukainua mguu,
mkia wake utakuja mbele kukuuliza sababu.

Hewa ya Nairobi ni nyembamba, haimpendelei yeyote.
Wote walikohoa. Nikabadilisha jeti za kabureta,
nikanusa moshi, nikabadilisha tena.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, wakaja kuwachukua.
Wakili akatangulia, daktari akamfuata,
nami kando ya daktari, sikio kwenye vali.
Hatukufika mbali.
Lori mbele, lori nyuma, tingatinga limekwama darajani.
Mmarekani akaanza kutoa mvuke puani.
Mjerumani hakusema kitu, joto lake tu
likapanda, likapanda.

Mwuza maji akatupita na mkokoteni wake,
akasimama, akarudi kinyumenyume.
Tulingoja Mmarekani apoe, tukamnywesha mtungi mzima.
"Na huyu wa kijivu?"
"Hanywi maji," nikasema. "Hunywa upepo."
Akayatazama malori, akatazama moshi uliosimama wima.
"Basi leo mtamuua kwa kiu."

Daktari akafungua kifuniko cha nyuma, akapepea kwa gazeti.
Gazeti likachanika.
Wakili akakaa kidogo, mikono mifukoni,
kisha akavua koti lake, lile la mahakamani,
akalishika pindo, akampa daktari pindo la pili,
wakapepea, juu, chini, bila kutazamana.

Nilimlipa mwuza maji.
Akaondoka akipenya katikati ya malori,
gurudumu lake la kulia likilia kila mzunguko.
Beringi. Kavu kabisa.
Nikamwita kwa mluzi, lakini hakusikia.